Kichocho na makovu ya ini: jeni ya CTGF inavyochunguzwa kama mlango wa dawa mpya

Chukua mfano wa wavuvi wawili wa dagaa kwenye kisiwa kimoja cha wilaya ya Muleba. Wamefanya kazi kwenye mtumbwi mmoja kwa miaka mingi. Wote wawili huingia majini kuvuta nyavu, wote huoga ziwani, na wote wamewahi kukutwa na mayai ya kichocho kwenye choo. Mmoja yuko vizuri na anaendelea na kazi. Mwenzake tumbo limevimba, bandama imekuwa kubwa kiasi cha kuguswa kwa mkono, na siku moja anatapika damu nyingi.

Kwa nini mmoja na si mwingine? Huku kwetu, Bukoba na Muleba, jibu la haraka la mtaani mara nyingi ni kwamba huyu wa pili karogwa, au kwamba alikuwa mlevi. Sayansi ina jibu tofauti, ingawa halijakamilika. Jibu hilo linahusu protini iitwayo kolajeni, na jeni chache zinazouambia mwili utengeneze kolajeni kiasi gani. Moja ya jeni hizo inaitwa kwa kifupi CTGF, na kwa zaidi ya miaka 15 watafiti wamekuwa wakijiuliza iwapo inaweza kuwa shabaha ya dawa, na iwapo damu ya mgonjwa inaweza kutuonyesha mapema ni ini la nani linajaa makovu.

Katika makala hii tunaeleza hatua kwa hatua.

Kichocho kinaanzia wapi

Kichocho kinachopatikana kwa wingi kandokando ya Ziwa Victoria ni kichocho cha tumbo. Kinaletwa na minyoo midogo iitwayo Schistosoma mansoni. Ni ndugu wa kichocho cha mkojo, kile kinachomfanya mtu akojoe damu, lakini hiki cha kwetu hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo.

Mzunguko wake ni huu. Mtu mwenye minyoo akijisaidia ziwani au karibu na ziwa, mayai huingia majini na kuanguliwa. Vijidudu vinavyotoka humo huingia kwenye konokono wadogo wanaoishi kwenye majani ya ufukweni. Baada ya wiki kadhaa konokono huachia majini vijidudu vya aina nyingine, ambavyo humwingia mtu kupitia ngozi ndani ya dakika chache tu. Huhitaji kunywa maji wala kuwa na kidonda. Kusimama majini ukifua, ukiosha vyombo au ukisukuma mtumbwi kunatosha.

Ndani ya mwili minyoo hukua, dume na jike huungana, na jike huanza kutaga. Jike mmoja anaweza kutaga mamia ya mayai kwa siku, na minyoo hao huweza kuishi miaka mingi. Hapa ndipo tatizo linapoanza, kwa sababu si mayai yote yanayotoka na choo. Karibu nusu hubaki mwilini, na mengi kati ya hayo husukumwa na damu hadi kwenye ini.

Kovu linavyojengwa

Kinachoumiza ini hasa ni mayai, si minyoo wenyewe. Yai ni kubwa mno kupita kwenye mishipa myembamba ya ini, kwa hiyo linakwama. Kinga ya mwili inaliona kama mgeni, inalizunguka kwa seli na kutengeneza kinundu kidogo ili sumu za yai zisisambae. Hiyo ni kazi nzuri. Lakini baada ya hapo mwili hufanya kile unachofanya kwenye kila kidonda, yaani unaziba kwa kovu.

Kovu hutengenezwa kwa kolajeni. Hii ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini, karibu theluthi moja ya protini yote tuliyo nayo. Ndiyo inayoshikilia ngozi, mifupa, kano na kuta za mishipa ya damu. Unaweza kuifikiria kama kamba zinazofunga nyumba ya mwili isibomoke. Kwenye ini, seli zinazoitwa stelati, ambazo kwa kawaida zimetulia zikihifadhi vitamini A, huamshwa na majeraha na kugeuka mafundi wa kusuka kamba hizo, hasa kolajeni ya aina ya kwanza na ya tatu.

Kovu moja halina neno. Lakini mtu anayeishi ziwani huambukizwa tena na tena, na mayai huja kila siku kwa miaka. Kamba zinaongezeka kuzunguka mishipa mikubwa ya ini hadi mishipa inabanwa. Mwaka 1904 daktari aitwaye Symmers, aliyefanya kazi Misri, alieleza kwamba ini la wagonjwa wa namna hii likikatwa huonekana kama limechomekwa mashina meupe ya viko vya udongo. Wazee wetu waliozoea kuvuta kiko watauelewa mfano huo vizuri: tundu katikati, ukuta mnene kuzunguka.

Damu inayotoka kwenye utumbo hulazimika kupita kwenye ini. Ikikuta njia imebanwa, inarudi nyuma na kutafuta njia za kando. Bandama inavimba. Mishipa ya umio, yaani njia ya chakula, inajaa na kututumka. Mishipa hiyo ikipasuka, mtu hutapika damu, na anaweza kufa ndani ya muda mfupi.

Jambo la kuzingatia ni kwamba seli za ini zenyewe huendelea kufanya kazi kwa muda mrefu. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuwa na vipimo vya kawaida vya damu vya ini vinavyoonekana vizuri, macho yasiwe ya manjano, na bado awe hatarini.

Kwa nini huyu na si yule

Sababu ya kwanza ni wingi na muda. Aliyeambukizwa mara nyingi, kwa miaka mingi, bila dawa, ana mayai mengi zaidi. Sababu nyingine ni magonjwa yanayoshambulia ini kwa wakati mmoja, kama homa ya ini ya virusi vya B, na pombe. Lakini hata ukizihesabu zote, bado kuna watu wenye mayai mengi wasiopata makovu makubwa, na wengine wenye mayai machache wanaopata.

Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na Alain Dessein wa Ufaransa walichapisha matokeo ya uchunguzi wa familia za kijiji kimoja nchini Sudan, ambako kichocho cha tumbo kilikuwa kimeenea. Waliona kwamba makovu makali ya ini yalifuata ukoo kwa namna ambayo isingeelezwa na maji peke yake. Walipofuatilia vinasaba, alama iliwaongoza hadi kwenye eneo moja la kromosomu namba 6. Karibu na hapo kuna jeni ya kipokezi cha intaferoni gama, ambayo ni ujumbe wa kinga unaowaambia mafundi wa kolajeni wapunguze kasi.

Miaka kumi baadaye, mwaka 2009, timu hiyo ilirudi kwenye eneo hilohilo na kuchunguza jeni nyingine iliyo jirani, CTGF. Safari hii walipima watu wa China, Sudan na Brazili walioambukizwa aina tofauti za kichocho. Waligundua kwamba tofauti ndogo za herufi za vinasaba ndani na pembeni ya jeni hii zilihusiana na makovu makali ya ini. Matokeo kuonekana kwenye mabara matatu yaliwapa watafiti moyo kwamba hawakuwa wameangukia bahati nasibu.

CTGF hufanya nini? Fikiria ujenzi wa nyumba. Kolajeni ni tofali, na jeni za kolajeni zenyewe, kama COL1A1 na COL3A1, ndizo ramani ya tofali. CTGF ni msimamizi wa mafundi. Mwili ukijeruhiwa, ujumbe mkuu wa kuponya unafika, msimamizi anaitwa, naye anawahimiza seli za stelati ziendelee kusuka. Msimamizi akiwa mkali kupita kiasi, ukuta unaendelea kujengwa hata pale ambapo mlango ulipaswa kubaki.

Tusisitize hapa: kuwa na herufi fulani ya jeni si hukumu. Bila minyoo hakuna mayai, na bila mayai jeni hii haina cha kusimamia kwenye ini lako. Vinasaba huongeza au kupunguza uwezekano tu. Na anayeugua hajarogwa, wala ukoo wake hauna laana.

Je, jeni hii inaweza kupigwa kwa dawa?

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusizime moja kwa moja jeni za kolajeni? Jibu ni kwamba tungebomoa nyumba nzima. Watu wanaozaliwa na hitilafu kwenye jeni ya COL3A1 huwa na mishipa ya damu dhaifu ambayo inaweza kuchanika ghafla. Mwili hauwezi kuishi bila kolajeni.

Ndiyo maana macho yalielekezwa kwa msimamizi. Lakini naye ana kazi yake halali. Panya wa maabara waliotengenezwa bila jeni ya CTGF walikufa mara tu baada ya kuzaliwa, kwa sababu mifupa ya kifua haikujengeka vizuri na hawakuweza kupumua. Kwa hiyo lengo la dawa ni kumpunguzia kasi msimamizi kwa mtu mzima, si kumfuta kabisa.

Jaribio lililofika mbali ni la kampuni ya Marekani iitwayo FibroGen, iliyotengeneza kingamwili inayoishika protini ya CTGF isifanye kazi. Dawa hiyo iliitwa pamrevlumab. Ilijaribiwa kwa wagonjwa wenye makovu ya mapafu yasiyojulikana chanzo, kwa sababu mafundi wa makovu kwenye mapafu na kwenye ini wanafanana. Jaribio la hatua ya kati lilionyesha matumaini. Lakini mwezi Juni 2023 kampuni ilitangaza kwamba jaribio kubwa la hatua ya mwisho halikuonyesha faida iliyotarajiwa, na kazi hiyo ya mapafu ikasimamishwa.

Tunaeleza hili kwa sababu mitandaoni kuna watu wanaouza "dawa za kolajeni" na "dawa za kusafisha ini" wakitumia maneno ya kisayansi. Ukweli ni kwamba hadi sasa hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kuzuia CTGF kwa ajili ya makovu ya kichocho. Unga wa kolajeni unaouzwa kwa ajili ya ngozi hauhusiani na jambo hili. Ukiunywa, tumbo huumeng'enya kama protini nyingine yoyote, iwe ya dagaa au ya maharage.

Je, kushindwa kwa jaribio la mapafu kunafunga mlango? Hapana, lakini kunatufundisha. Kovu lina wasimamizi wengi, na ukimzuia mmoja mwingine anaweza kuchukua zamu. Kwa upande mwingine, kichocho kina jambo moja linaloleta tumaini ambalo ugonjwa ule wa mapafu hauna: chanzo chake kinajulikana, na kinaweza kuondolewa kwa dawa ya bei nafuu.

Je, damu inaweza kutuonyesha kovu mapema?

Matumizi ya pili ya elimu hii ni kupata kiashirio, yaani kitu kinachopimika kwenye damu kinachosema "hapa kovu linajengwa". Seli zinapotengeneza kolajeni ya aina ya tatu, hukata kipande cha mwisho cha protini hiyo kabla ya kuisuka kuwa kamba. Kipande hicho huingia kwenye damu. Ni sawa na kupita mtaani ukaona vumbi la msumeno, ukajua ndani kuna seremala anafanya kazi.

Vipimo vya namna hii tayari vinatumika Ulaya kwa magonjwa mengine ya ini, vikichanganywa na vipimo viwili vya ziada. Kwa kichocho vimechunguzwa pia. Lakini vina mipaka. Vumbi la msumeno halikuambii ni nyumba ipi. Mtoto anayekua hutengeneza kolajeni nyingi kwa kawaida, hivyo kipimo chake huwa juu bila ugonjwa. Mwenye homa ya ini ya B naye atakuwa juu. Kwa mkoa kama wetu, ambako mtu mmoja anaweza kuwa na kichocho na homa ya ini kwa pamoja, kipimo hicho peke yake hakitoshi.

Kwa sasa kipimo kinachotegemewa zaidi kwa makovu ya kichocho ni ultrasaundi, hiyohiyo inayotumika kwa wajawazito. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa namna ya kusoma picha hizo na kupanga makovu kwa madaraja. Watafiti wameutumia mtindo huu kanda ya ziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu kisiwa cha Ijinga, mkoani Mwanza, uliwapima wakazi mayai ya kichocho na pia ukaangalia maini na bandama zao kwa ultrasaundi. Ugumu ni kuifikisha mashine na mtu wa kuisoma kwenye visiwa kama Goziba, Bumbire, Ikuza na Mazinga, ambako usafiri ni mtumbwi na hali ya hewa ndiyo inayoamua safari. Hapo ndipo tone la damu lenye jibu la uhakika lingekuwa mkombozi, na ndiyo sababu utafiti wa viashirio haujaachwa.

Unachoweza kufanya leo

Dawa ya kichocho ipo, nayo ni prazikwanteli. Hupimwa kwa uzito au kwa kijiti cha urefu, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo moja ya mwili, na humezwa mtu akiwa amekula. Inaua minyoo wakubwa. Haiui minyoo wachanga ambao wameingia wiki chache zilizopita, na haizuii kuambukizwa tena kesho. Ndiyo maana hurudiwa.

Watu hutuuliza iwapo inaondoa makovu. Haiyeyushi kolajeni moja kwa moja. Lakini ikiondoa minyoo, mayai yanakoma, mafundi wanapunguza kazi, na mwili wenyewe huanza kubomoa ukuta taratibu. Kwa watoto na vijana ambao makovu hayajakomaa, ini linaweza kupona kwa kiasi kikubwa. Kwa mtu mzima mwenye makovu ya miaka 20, nafuu ni ndogo. Kwa maneno mengine, kidonge anachomeza mwanafunzi wa darasa la tatu huko Kemondo leo kinafanya kazi ambayo dawa ya jeni inaahidi tu.

Baadhi ya wazazi huwaficha watoto siku ya kumeza dawa shuleni kwa sababu wameona mtoto akiumwa tumbo au kuhisi kizunguzungu baada ya kumeza. Dalili hizo hutokea, hasa kwa mwenye minyoo mingi au aliyemeza akiwa na njaa, na kwa kawaida huisha siku hiyohiyo. Mpe mtoto chakula kabla hajaenda shule.

Wengine ni wavuvi na wachakataji wa dagaa, ambao hawako shuleni na mara nyingi huhama kambi kufuata samaki. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadili mwongozo wake. Sasa linashauri kwamba kwenye jamii ambako angalau mtu mmoja kati ya kumi ameambukizwa, wote wenye umri wa kuanzia miaka 2 wapewe dawa kila mwaka, wakiwemo watu wazima, wanaonyonyesha na wajawazito waliopita miezi mitatu ya mwanzo. Kwa watoto wadogo zaidi kuna kidonge kipya kinachoyeyuka kwenye maji. Majaribio yake makubwa yalifanyika Kenya na Ivory Coast, na mwezi Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kukikubali.

Kuhusu maji, vijidudu vya kichocho vilivyotoka kwenye konokono huishi muda mfupi. Maji ya ziwa yaliyochotwa na kutunzwa kwenye chombo kisicho na konokono kwa siku mbili huwa salama kuogea. Ya kunywa yachemshe. Na choo kwenye mwalo ni sehemu ya tiba, kwa sababu bila kinyesi kufika majini konokono hana cha kubeba.

Ukiona damu, usisubiri

Nenda kituo cha afya ukapimwe kama umeishi au kufanya kazi ziwani na una choo chenye damu, tumbo linalouma mara kwa mara, au uzito upande wa kushoto chini ya mbavu ambako bandama hukaa. Mwambie mhudumu wazi kwamba unaingia ziwani. Kumbuka pia kwamba mtu mwenye makovu ya zamani anaweza kupimwa choo na kukutwa hana mayai, kwa hiyo omba ushauri kuhusu ultrasaundi.

Kutapika damu, au kupata choo cheusi kama lami, ni dharura. Tunajua kwamba tangu Marburg ilipotangazwa Bukoba Vijijini mwezi Machi 2023, anayetapika damu huogopwa, na familia nyingine humficha mgonjwa ili isitengwe. Kufanya hivyo ni kumnyima nafasi ya kupona. Utafiti kutoka Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wazima waliofika pale wakivuja damu tumboni, chanzo kilichoongoza kilikuwa mishipa ya umio iliyovimba. Mishipa hiyo inaweza kufungwa kwa endoskopi, na zipo dawa za kupunguza msukumo wa damu ili isipasuke tena. Kama ni homa ya kuambukiza, wahudumu wanajua namna ya kujikinga na kuwakinga wengine. Kwa vyovyote iwavyo, usiguse damu hiyo kwa mikono mitupu, na mgonjwa afikishwe hospitali mapema, iwe Rubya, Ndolage au hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bukoba.

Kuhusu CTGF, tutaendelea kufuatilia na kuwaletea habari kila kunapokuwa na matokeo mapya. Kwa sasa watafiti wana jina la msimamizi anayehimiza kovu, lakini hawajapata njia salama ya kumtuliza. Minyoo wanaomwita kazini tunawajua, na dawa ya kuwaua ipo. Kama hujameza dawa ya kichocho mwaka huu na maisha yako yako ziwani, anza na swali hilo kwenye zahanati iliyo karibu nawe.